Naishi kwa Mteremko

Watu wengine wakialikwa matanga huuliza chakula ni saa ngapi. Mimi nauliza pa kupaki pameinama kiasi gani. Pakiwa tambarare, natuma rambirambi kwa M-Pesa, nalala. Si kiburi, jirani. Ni hii Peugeot 504 yangu. Ufunguo haiusikii. Unazungusha, stata inalia nguu, nguu, nguu, inachoka, inanyamaza. Lakini iachilie kwa mteremko, tia gia ya pili, toa mguu kwa klachi: inawaka mpaka kuku wanaruka ua. Nashukuru Mungu nilizaliwa Gusii, mahali milima ni ya bure. Ningezaliwa Ahero ningekuwa nimeshanunua punda.

Na usiicheke. Ukiicheka, wazee watakusomea historia. Ati 504 ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978. Ni kweli. Lakini Ove Andersson, dereva wa ule ushindi wa 1975, hakusukumwa na mashemasi.

Mimi nimesukumwa. Ilikuwa Sabato, mvua ya Kisii inamwagika, mtu amepaki Probox mbele yangu, mteremko wote umezibwa. Mashemasi wakavua makoti. Mzee wa kanisa akawasimamisha: kusukuma gari si ni kazi? Wakafungua Biblia. Wakajadili. Mimi niko ndani, dirisha halifungi, nalowa upande mmoja. Mwishowe wakakubaliana kwamba ng'ombe akianguka kisimani siku ya Sabato, anaruhusiwa kutolewa. Tangu siku hiyo watoto wa kanisa hawaniiti mzee. Wananiita Ng'ombe.

Halafu juzi ikanizimia Keroka. Keroka unaijua: nusu iko Kisii, nusu iko Nyamira, na kaunti zimeugombania huo mji miaka na miaka. Watu wakajaa. Wote mafundi. Wa ndizi anasema ni plagi. Wa bodaboda anasema ni pampu. Mama mmoja anauliza kama aliyeniuzia nilimmalizia deni. Kisha wakaacha gari, wakaanza kubishana imezimia kaunti gani. Ushauri wote huo ni wa bure. Kusukuma, bwana, kulikuwa na bei.

Akaja kijana wa jua kali. Akaniita "omogaka", kwa heshima sana, nikajua pesa zangu zimeisha. Akafungua boneti, akang'oa waya ya plagi, akanipa. "Omogaka, shika hapa, ncha ikae karibu na chuma. Mimi napiga stata tuone karenti."

Nikashika.

Jirani, betri ni volti 12. Kuna kitu kinaitwa koili, kinazichukua hizo 12 kinazifanya zaidi ya 10,000. Hayo niliambiwa nikiwa nimekaa kwa matope. Mimi nilikuwa Kisii, kofia yangu ilikuwa Nyamira.

"Karenti iko," kijana akasema, "lakini ni kidogo."

Kidogo!

Akaanza kunifundisha. Ati ukipiga stata, stata inakula betri karibu yote, koili inabaki na makombo. Pointi zimeungua kwa sababu kondensa imekufa, kwa hivyo hata hayo makombo hayafiki. Kifuniko cha distribyuta nacho kina ufa, ule ukungu wa Nyamira unaingia asubuhi, karenti inatoroka na unyevu. Ukisukumwa, stata haili kitu, koili inashiba, gari inawaka. Mimi naitikia tu, eeh, eeh. Distribyuta niliyemjua mimi ni yule wa soda.

Akasugua pointi kwa msasa. Akapima mwanya wake kwa kipande cha bledi ya msumeno. Akanituma kwa duka la spea, nikanunua kondensa ndogo kuliko kidole, bei ya mguu wa mbuzi, na kifuniko kipya. Akapangusa mikono kwa leso yangu. Leso akabaki nayo. Halafu akazungusha ufunguo. Ikawaka! Papo hapo. Wa ndizi akadai chai, maana yeye ndiye alisema plagi.

Nikiondoka, kijana akanifuata akiongea juu ya ufunguo. Ati nisiuache umefunguliwa injini ikiwa imezimwa. Pointi zikikaa zimefungana, koili inapikwa polepole mpaka inaiva. Alisema mengi. Mimi nilikuwa natafuta kofia.

Jana nikampeleka mama watoto Daraja Mbili kununua matoke. Nikapaki mahali tambarare, kifua mbele. Nikazima injini. Nikafungua ufunguo kidogo nisikilize matangazo ya vifo kwa redio. Mama watoto akakaa huko muda, unajua wanawake na bei. Aliporudi, kulikuwa na harufu. Nikazungusha. Kimya.

Nikampigia kijana nikiwa nimekasirika. Nikamwambia kazi yake ni bure, gari imesimama tu, sijaigusa, ni redio tu nilikuwa nasikiliza. Akakata simu. Nikapiga tena, hashiki.

Mafundi wa siku hizi hawana heshima kabisa.