Sifa za Kidole cha Mwisho

Kidole cha mwisho cha mguu ndicho kidogo na cha cheo cha chini kuliko wenzake wote. Unyayo mmoja, pamoja na kifundo, una mifupa 26. Kidole gumba kimepewa miwili minene, wengine mitatu mitatu. Hiki cha mwisho nacho kinastahili mitatu, ila kwa watu wengi miwili kati yake imeungana, na mwenye mguu hana habari. Ukucha wake ni chenga ya mchele.

Fasihi imekipita bila salamu. Achilles alikufa kwa kisigino. Jina la Oedipus maana yake ni mguu uliovimba. Robinson Crusoe wa Daniel Defoe (1719) alipagawa kwa alama ya unyayo mmoja mchangani. Katika masimulizi ya ndugu Grimm, dada wa Cinderella walikata kidole gumba na kisigino ili kiatu kiwaenee. Kidole cha mwisho hakikufikiriwa hata kwa kukatwa. Jini mrembo wa hadithi za Pwani naye hujulikana kwa kwato, yaani kwa kutokuwa na vidole kabisa.

Fadhila yake kuu ni ukaguzi. Umeme ukikatika, macho huduwaa na mikono hupapasa hewa, lakini kidole hiki huenda moja kwa moja hadi kwenye mguu wa kitanda. Hakiombi tochi wala hakingoji posho. Stuli iliyohamishwa dakika kumi zilizopita, hiki ndicho huiona kwanza. Ripoti yake ni fupi, husomwa kwa sauti, na majirani huisikia. Kesho yake hukagua kitanda kilekile, kwa kuwa mkaguzi mwadilifu haamini ripoti ya jana.

Fadhila nyingine ni ndogo: hufundisha dua na tusi kwa pumzi moja, hukatiza ugomvi wa ndoa, na humrusha mtu mzima kwa mguu mmoja bila mwalimu wa michezo.

Kazi nzito iko nje. Kibao cha barabarani kikiondolewa, nondo nne hubaki zimechomoza katikati ya njia ya waenda kwa miguu, rangi moja na vumbi. Kidole kilicho ndani ya kandambili huzigundua zote, moja baada ya nyingine. Kuzikata ni kazi ya nusu saa na msumeno mmoja. Nusu saa! Ushuru wa taka umelipwa, wa maegesho umelipwa, wa kibao chenyewe umelipwa, na msumeno haujapatikana. Hatua chache mbele, mfuniko wa mtaro umeibwa, na mpita njia amechomeka tawi la mti pale shimoni. Tawi hilo ndiyo idara pekee inayofika kazini kila siku.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hasara hizo mbili zimegawanywa vizuri: vidole hujikwaa vya wanaotembea, ndimi hujikwaa za wanaoahidi ukarabati wakiwa ndani ya magari yenye vioo vyeusi. Ndimi hazijawahi kutoka ukucha.

Kidole kilichovunjika kwa kawaida hufungwa kwa plasta pamoja na jirani yake, kimwegemee hadi kipone. Baada ya wiki nne hadi sita hurudi kazini, na huzikuta nondo ziko palepale, nne kamili.