Sina Deni, kwa Hivyo Siaminiki

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa kungoja. Alipotaka baiskeli alingoja, alipotaka kuondoa makuti aezeke mabati alingoja, na sisi wanawe tukalowa masika baada ya masika huku akitukumbusha kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Nikakua hivyo hivyo. Dukani nanunua kwa pesa taslimu, kodi nalipa kabla mwenye nyumba hajapiga simu, na ule ujumbe unaoingia alfajiri kuniarifu kwamba nimefuzu kupata mkopo naufuta kabla ya chai. Nilidhani mtu wa namna hii ndiye benki humtafuta kwa tochi. Kumbe ndiye wanayemkimbia.

Benki yenyewe siitaji, maana picha zangu mbili za pasipoti bado wanazo. Nilichoomba ni akaunti ya hundi, pamoja na ruhusa ya kutoa kidogo zaidi ya kilichomo mambo yakibana, kwa sababu magazeti hulipa yanapokumbuka na muuza samaki hasahau. Nikajaza fomu. Nikaandika jina la mama, jina la jirani wa kutafutwa nikitoweka, na makadirio ya mapato, sehemu ambayo kwa mwandishi wa safu ni tungo la kubuni. Baada ya kimya kirefu ukaja ujumbe: ombi lako halikufaulu, asante kwa kutuchagua. Mimi nimewachagua, wao wamenikataa, halafu wananishukuru! Hata wazazi wa msichana wakikataa posa huwa wanatoa sababu, ya uongo lakini sababu.

Nikaenda kuiulizia. Kijana wa dirishani alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona nimekataliwa?"

"Si sisi, mzee wangu. Ni mfumo."

Nchi hii kila kitu hufanywa na mtu isipokuwa kukataa. Pesa ukiweka, utapokewa na mtu. Ada ikikatwa, kuna mtu wa kukueleza. Lakini kukataa ni kazi ya mfumo, na mfumo hauna ofisi, hauna meneja, wala hauendi chakula cha mchana ukauvizia mlangoni.

Nilipogoma kuondoka, kijana akachungulia huku na huku, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mfumo ulikuwa na mashaka mawili. La kwanza ni jina langu. Kitambulisho kinaniita Mohamed. Cheti cha PIN ya ushuru kutoka KRA kinaniita Mohammed, kwa m mbili. Laini ya simu ilisajiliwa kibandani Kongowea na mtoto aliyeandika Muhamad bila kuinua macho. Hakuna hata mmoja wa waandishi hao aliyeniuliza. Machoni pa mfumo sisi ni wanaume watatu, na wote watatu tunashukiwa. Tangu sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha ya 2009, benki lazima imjue mteja wake: kitambulisho, PIN, anakoishi, pesa zake zinatoka wapi. Akaunti nyingi zinazokataliwa hukwama hapo, wala deni halihusiki kabisa. Na hilo la anakoishi mtu ndilo la kuchekesha zaidi. Fomu inataka namba ya nyumba na jina la barabara. Mimi naishi nyuma ya msikiti, kwa mama anayeuza mahamri, ambaye nyumba zote za kichochoro kile anazijua, na benki ingempigia simu ingepata hata habari ambazo haikuziomba.

Shaka la pili ndilo lililonitoa jasho. "Mzee," kijana akasema, "huna historia."

Huna historia! Mtu aliyeona shilingi ya sarafu ikinunua andazi.

Alimaanisha historia ya kukopa, ile inayowekwa na CRB, asasi za marejeleo ya mikopo. Zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Zilipoanza kazi 2010 benki zilizipelekea majina ya walioshindwa kulipa tu, na hapo ndipo mtaani tulipojifunza kusema fulani "amewekwa CRB" kwa sauti ile ile ya kusema fulani amewekwa rumande. Lakini kanuni za 2013 zilifungua mlango kwa wanaolipa vizuri pia. Leo kila mwenye mkopo yumo humo, mwema na mbaya, na kila mmoja ana alama zake. Za Metropol zinaanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa kuwa ameshindwa kulipa. Kijana akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee. Mahali pa alama zangu palikuwa na kistari.

Baba Zuhura, jirani yangu, ana alama nzuri tu. Baba Zuhura hukopa kwa simu: M-Shwari ili alipe Fuliza, Hustler Fund ili alipe M-Shwari, na mwisho wa mwezi mshahara ukiingia husikia mlio wa simu tu, pesa hazioni. M-Shwari ilikuja 2012, Fuliza 2019, Hustler Fund Novemba 2022, naye amezipokea zote kama mwenyeji anayepokea wageni kwa zamu. Ila hulipa kwa wakati, na hicho ndicho kinachopimwa. Alama hizo hazisemi kama mtu ana pesa, wala kama ni mwaminifu, wala kama aliwahi kurudisha pochi aliyoiokota kivukoni Likoni. Zinasema tu: huyu alikopa mahali tunapopaona, akalipa tukimwona.

Sasa mchukue mke wangu, Mama Rukia. Amekuwa mweka hazina wa chama chao cha akina mama tangu Rukia ananyonya, na Rukia sasa ana watoto wake. Hajakosa mchango hata mwezi mmoja. Pesa za wenzake zimelala ndani ya nyumba hii, kwenye kopo ambalo mimi mwenyewe sijui lilipo, na si kwa kutojaribu. Akina mama wameezeka, wamelipa karo, wamezika, wote kutokana na kopo hilo na saini yake. Aliyechelewa kulipa alifuatwa hadi Kilifi. Hakuna benki Mombasa inayodai mikopo yake kwa ukali ule. Haya yote hayaonekani popote. Ukimtafuta Mama Rukia kwenye mfumo atakuja na kistari kama changu. Na daftari la duka la mtaani je, lile lenye majina yetu, lililojaa mafuta ya taa na ukweli? Mwenye duka anajua nani hulipa tarehe moja, nani hulipa akikutana nawe, na nani hubadilisha njia. Wataalamu wanunue daftari lile waache kubahatisha.

Wenye historia nao wana yao ya kulalamikia. Rafiki yangu mmoja alihama kazi, akaiacha akaunti ya mshahara ikiwa na shilingi chache. Ada za kila mwezi zikazila hizo chache, zikaendelea kula hewa, akaunti ikawa inadaiwa. Miaka imepita, anaenda kuomba mkopo wa bodaboda, anaambiwa ni mdaiwa sugu. Mdaiwa wa nini? Wa kutunziwa pesa ambazo hazikuwepo! Hundi iliyorudi kwa kukosa pesa nayo huandikwa. Hati ya kughushi, dhamana ya uongo, vyote humo. Angalau tangu Aprili 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halimharibii mtu jina. Kabla ya hapo kuna waliochafuliwa kwa pesa ya nauli ya matatu.

Kisha Novemba 2022 Benki Kuu ikatangaza mpango wa kuwasafisha waliokwama na mikopo ya simu. Walikuwa zaidi ya milioni 4. Benki zikakubali kusamehe angalau nusu ya deni, mkopaji amalize iliyobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Siwaonei kijicho, maisha yalikuwa magumu. Nauliza tu: waliolipa deni lote walipewa nini? Na sisi tusiokopa kabisa?

Linalonikera kuliko yote ni waajiri wanaomdai kijana cheti cha CRB kabla ya kumpa kazi. Hana kazi ndiyo maana hakulipa, hakulipa ndiyo maana hapati kazi. Aliyebuni utaratibu huo sijui alikuwa anafikiri kwa kiungo gani.

Niseme pia kuna kanuni nzuri, tatizo ni kwamba hakuna anayezitangaza kwenye lile bango kubwa lenye familia inayocheka. Mara moja kwa mwaka unaruhusiwa kupata ripoti yako bila malipo. Mkopeshaji anayetaka kukuandika vibaya anapaswa kukuarifu siku 30 kabla. Ukikuta kosa unaweza kulipinga, na CRB lazima ilichunguze. Ukimaliza kulipa, hali yako hubadilishwa kuwa umelipa, lakini kumbukumbu ya kuchelewa hukaa miaka mitano. Yule anayeweka matangazo kwenye nguzo za stima kwamba atakufuta CRB kwa shilingi elfu kadhaa hafuti kitu ila salio lako. Tena usikimbilie benki tano kwa wiki moja, kwa kuwa kila mmoja anayechungulia faili yako huacha alama ya macho yake, na wa tano atajiuliza wale wanne waliona nini.

Ushauri wa kijana wa dirishani, alioutoa kwa heshima zote, ni kwamba nichukue mkopo mdogo nisiouhitaji, niulipe kwa wakati, halafu mwingine, mpaka kistari kigeuke namba. Yaani nikope nisichohitaji ili nipewe ninachohitaji. Nilipomsimulia Mama Rukia alicheka hadi akaweka chini mwiko. Kisha akasema chama chao kinaweza kunikopesha, kwa riba, na nitafute mdhamini. Nikamwambia mdhamini si yeye hapo, mke wangu? Akasema mweka hazina haruhusiwi kudhamini jamaa zake.

Kwa hiyo naziomba benki jambo moja, na naiomba Benki Kuu izisukume kidogo: mkimkataa mtu, mwandikieni sababu. Mstari mmoja unatosha. Jina halilingani. Hundi ilirudi. Hujawahi kukopa. Mtu aijue kasoro yake akairekebishe, badala ya kupanga foleni akaulizie mfumo. Na kama hilo nalo ni zito, basi nirudishieni zile picha mbili. Nilizilipia, tena kwa pesa taslimu.