Kilemba kwa Sponji Chafu

Pikipiki ina mengi ya kusifiwa, na hayajakosa wa kuyasifu. Injini ina mashabiki wake, shokapu zina wao, na tangi hung'arishwa kila Jumamosi kwa kitambaa ambacho mtoto wa nyumba hiyo hajawahi kukipata kwa kufutia pua. Lakini sijamwona mtu akisimama mbele ya watu, akakohoa kidogo, akaanza kumsifu yule anayekaa gizani nyuma ya kifuniko cha pembeni, kalowa oili, ana rangi ya uji wa ulezi na harufu ya stoo ya shamba. Naizungumzia sponji ya chujio la hewa, ile ambayo mafundi wetu huiita ekilina. Leo nasimama mimi, na asije mtu akasema naivika kilemba cha ukoka. Kilemba hiki nimekilipia.

Chombo changu ni Honda CG125, nilichonunua kwa bwana mifugo mmoja mstaafu wa Kondoa. Aina hii ilitoka mwaka 1976, baada ya Honda kuona jinsi pikipiki zinavyoishi katika nchi za watu kama sisi: magunia mawili, mke, mtoto, mbuzi, na huduma hufanyika siku chombo kinapogoma. Kwa hiyo mnyororo wakaufunika wote, na injini wakaipa vijiti vya kusukumia vali, ya kuvumilia matusi. Wajukuu wa injini hiyo wamo hadi leo ndani ya pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria. Uzembe wetu waliufikiria karibu wote. Walichoshindwa ni kutuundia sponji inayojifua.

Nianze na pumzi yake. Lita 1 ya petroli, ili iungue sawasawa, hutaka hewa ya lita 9,000 hivi. Hayo ni mapipa 45, yale makubwa ya lita 200. Ukienda mnadani na kurudi kwa lita mbili, umevuta mapipa 90 ya hewa kupitia kitu kinacholingana na nusu mkate. Na kama mbele yako kulikuwa na lori la vitunguu, hiyo si hewa tena, ni barabara yenyewe imeamua kupaa. Sponji haichagui. Inapokea vumbi jekundu, manyoya ya kuku, vipande vya majani, mbawa za kumbikumbi, inavishika vyote kwa oili yake na kuipa injini kilicho halali yake.

Vumbi lenyewe lina ubaya wake usioonekana. Chembe nyingi za mchanga ni madini ya kwazi (quartz), na katika kipimo cha Mohs ugumu wake ni 7. Chuma cha silinda hakifiki hapo. Zikiingia, huchanganyika na oili na kuwa msasa wa majimaji, na pistoni yako mwenyewe ndiyo inayosugua, maelfu ya mara kwa dakika, bila kukudai ujira. Ringi zinaliwa, silinda inatanuka, bomba la moshi linaanza kutoa bluu. Ndiyo maana wale vijana wanaoing'oa ekilina ili pikipiki ingurume nawasikiliza kwa huruma. Inanguruma kweli. Hata mgonjwa hukoroma.

Sasa nifike kwenye sifa iliyonitoa machozi, yaani uchafu.

Kulikuwa na miezi minne ambayo sponji yangu ilikuwa safi. Nikifungua kifuniko naikuta njano, nyororo, kama ya dukani, nami nikadhani ni baraka, au ni uendeshaji wangu wa kistaarabu. Nikawa najigamba nayo kijiweni. Kisha chombo kikaanza kuchoka kwenye vilima ambavyo zamani kilivipanda kikiimba, na oili ikawa inapungua bila kuvuja mahali. Nikakipeleka kwa fundi, mzee wa maneno machache.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Lete."

Akaitazama sponji. Nikasubiri pongezi.

"Umeifua lini?"

"Haijataka kufuliwa, fundi. Haichafuki."

Akanyamaza. Akalegeza kibano, akachomoa mpira wa shingo ya kabureta, akaingiza kidole cha shahada, akakizungusha, akakitoa. Kilikuwa chekundu mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Akaninyooshea kile kidole kama shahidi mahakamani.

"Hili limepita wapi?"

Swali hilo sikulijibu, nililipia. Silinda ikaenda kuchongwa, ikaja pistoni ya saizi ya juu na ringi zake. Usiku ule, kwa maelekezo yake, nilifungua boksi la ekilina, nikaweka simu ndani ikiwa imewashwa tochi, nikafunga, nikazima taa ya chumba. Mwanga ukachungulia sehemu mbili. Mmoja ulitoka kwenye ukingo wa kifuniko, ambako mpira wake ulikuwa umekauka na kusinyaa kama ngozi ya dengu. Wa pili ulikuwa uzi mwembamba kwenye mkunjo wa ule mpira wa shingo. Mchana ungeapa ni mzima. Hewa nayo ni kama wanafunzi wangu: ikiona upenyo kwenye uzio haizunguki kupita getini. Kwa miezi minne ilikuwa ikipita kwenye nyufa, na sponji yangu ilikuwa safi kwa sababu hakuna aliyekuwa anaipa kazi.

Tangu hapo naheshimu wivu wake. Sponji hii haikubali mke mwenza; ukiacha mwanya wa unene wa unywele, inajitoa katika ndoa. Nilinunua mpira mpya wa shingo, nikakaza kibano chake, na gasketi ya kifuniko nikaikata kwa mkasi kutoka tyubu ya baiskeli. Ukingo wa sponji, pale unapokalia boksi, naupaka grisi kote bila kuruka. Grisi hiyo ina faida ya pili: vumbi likijaribu kupita hunasa na kuacha alama, ukifungua unaona mstari mwekundu umechorwa mahali wezi walipojaribia.

Kuhusu kuoga, sikatai, imedeka. Kwanza mafuta ya taa, hadi tope liachie. Kisha maji ya sabuni, kisha maji matupu. Unaikandamiza kati ya viganja, huisokoti kama dekio, maana ikisokotwa inachanika. Inakauka kivulini, siku nzima ikibidi. Halafu inapakwa oili; vitabu vya Honda vya zama zile hutaja oili ya gia, namba 80 hadi 90. Unaimimina, unaikamua, unaimimina tena, mpaka rangi iwe moja kila pembe na isichuruzike. Wapo wanaoifua kwa petroli. Inatakata haraka, lakini gundi ya maungio huachia, na cheche moja ya jiko la mkaa uani inaweza kumaliza ufuaji wote wa nyumba hiyo. (Wenye ekilina ya karatasi, karamu hii haiwahusu. Ya kwenu ikipakwa oili imekufa. Ikung'uteni, ipulizeni upepo kutoka ndani kwenda nje, ikichoka itupeni.)

Nikiri pia kwamba niliwahi kuisaliti. Sponji ya kwanza ilizeeka, ikawa inameguka vidoleni kama andazi la juzi, na dukani hapakuwa na nyingine. Nikakata kipande cha godoro kuukuu. Kilikaa vizuri sana, kikapendeza. Baada ya muda pikipiki ikawa inazima njiani, na nilipofungua kabureta nikakuta chembe za godoro zimeziba jeti. Kazi niliyokipa kile kipande hakikuwahi kuijua. Maisha yake yote kilizoea kulaliwa.

Kuna gharama moja ambayo sponji hainilipi nayo siwezi kuidai: amani ya jikoni. Beseni la kijani nililoifulia mara ya kwanza lilinuka mafuta ya taa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili mchele ulioshwa humo. Mama watoto alikula kijiko kimoja, akaweka sahani chini, akaniuliza kama nina jambo la kumwambia.

Juzi nimerudi kutoka mnadani nyuma ya malori matatu. Nikafungua kifuniko. Ilikuwa inatisha: nyeusi chini, nyekundu juu, mende mmoja ubavuni, akiwa mzima na sharubu zake. Nikachomoa shingo ya kabureta, nikaingiza kidole, nikakizungusha, nikakitoa juani. Hakikuwa na kitu. Nikakitazama tena pande zote mbili, kisha nikaenda jikoni kuomba beseni.