Mlingoti Unalala Wapi?

Piga simu hoteli yoyote ya ufukweni kuanzia Bwejuu hadi Jambiani, kule kusini mashariki mwa Unguja, uulize: "Samahani dada, mna mahali pa kulaza mlingoti?" Utasikia kimya, kisha karatasi zinafunuliwa, kisha swali: "Kaka, kwani jahazi lenyewe mtatia nanga wapi?"

Hapo ndipo maelezo yanapoanza na salio linapoanza kuisha. Si jahazi, dada. Ni ubao wa mita mbili na nusu hivi. Unasimama juu yake, mbele yako umechomekwa mlingoti wenye tanga, unashika tanga kwa mikono yako mwenyewe na upepo unakupeleka. "Aaa, kaiti!" anasema kwa furaha ya mtu aliyetegua kitendawili. "Kaiti tunaijua, wageni wetu wengi ni wa kaiti." Si kaiti, dada. Kaiti ni tiara, iko angani, imefungwa kwa kamba. Hili tanga liko hapahapa, usoni pangu. "Haya basi kaka, usijali, mtaweka chini ya kitanda."

Kitanda chenyewe ni cha futi sita. Mlingoti wangu una mita 4.30. Unatenganishwa vipande viwili, Mungu awabariki waliobuni hilo, lakini kila kipande kinanipita kimo, na mimi sijawahi kuitwa mfupi. Tanga likishakunjwa linakuwa bomba refu lisilopinda, na ole wako ulipinde. Mwenzangu wa kaiti anashuka kwenye boti na begi moja mgongoni, kama mwanafunzi anayerudi bweni, na ndani yake mna mchezo mzima. Ndiyo maana Paje, kijiji cha pwani hiyohiyo, wamempokea, wakamjengea shule, stoo na baa. Sisi wa tanga ndio wakubwa kiumri. Tuliingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, na wa kaiti wakasubiri hadi michezo ya Paris 2024. Lakini ukubwa huo hauleti hata ndoano moja ya ukutani.

Safari nayo ina maneno yake. Bandarini Dar es Salaam mchukuzi alilizunguka furushi langu, akaligonga kwa kidole, akauliza kama ni antena. Nilipomwambia ni mlingoti alipandisha bei, kwa sababu mlingoti, alisema, ni chombo cha baharini na hauna bima. Sikupata la kujibu. Boti inavuka kwa kama saa mbili, kisha kutoka mjini hadi Paje kuna kama kilomita 50 za gari ya shamba. Konda akaamua mlingoti ulipe nauli ya watu wawili kwa kuwa umekuja vipande viwili. Abiria wakagawanyika. Mama mmoja mwenye tenga la mchicha alinitetea, akasema kitu kisichokaa kwenye kiti hakilipi kiti. Mzee aliyekaa nyuma alimuunga mkono konda, nadhani kwa sababu ncha ya mlingoti ilikuwa inamchoma mgongoni kila tulipopita kwenye shimo.

Sasa kuhusu bei. Tofauti na yule anayekuja kuota jua, mimi siwezi kuchagua siku ya kwenda. Ninaenda upepo unapoita. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Februari au Machi mwanzoni, kusi inashika vizuri kuanzia Juni hadi Septemba. Katikati kuna tangambili, upepo haujui utoke wapi, na kuna masika, mvua inanyesha mpaka popo wanahama dari. Basi tazama ujanja wa dunia. Desemba na Januari Wazungu wanakimbia baridi. Julai na Agosti shule zao zimefungwa. Kaskazi na kusi zimekaa palepale, juu ya likizo zao, utadhani zilipangwa na chama cha wenye hoteli. Aprili napigiwa simu na watu nisiowajua: "Kaka, tuna ofa nzuri sana!" Ofa ipo, upepo haupo. Bei ya chini na upepo havijawahi kulala chumba kimoja.

Bei zenyewe siku hizi unatajiwa kwa shilingi, tunashukuru. Lakini chukua kalamu, gawanya ile bei kwa kiwango cha dola cha siku hiyo. Inatoka namba nzima, safi, bila baki. Ukiuliza kuhusu bei ya Mtanzania unaulizwa kitambulisho, ukitoa kitambulisho unaambiwa bei hiyo ni ya msimu wa mvua.

Ngoja nifike kwenye maneno matatu yaliyonitia hasara kuliko yote: "mbele ya bahari". Kila tangazo linayo. Picha nayo inayo: maji ya kijani yanagusa ngazi za baraza, mnazi umeinama, hakuna mtu. Picha hiyo ilipigwa maji yakiwa yamejaa, na mpiga picha alijua alichokuwa anafanya. Pwani ile imekingwa na mwamba ulio mbali, na kati ya mwamba na mchanga ni kina kifupi. Maji yakipwa bahari inaondoka mbele ya macho yako, inakwenda mamia ya mita, inakuachia mchanga, matope meupe na majongoo ya bahari. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hujaa karibu na saa kumi na kukauka karibu na saa nne. Kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ukifika saa nne ya asubuhi ya bamvua, chumba chako ni mbele ya bahari kwa maana ya kwamba bahari iko mbele, endelea tu kutembea.

Nilimuuliza kijana wa mapokezi ratiba ya maji. Alinipa ratiba ya kifungua kinywa.

Na usidhani ukibeba ubao hadi yalipo maji umemaliza. Tanga letu linahitaji pezi chini ya ubao, na pezi langu lina sentimita 38. Hawa wa kaiti wana vipezi vifupi tu, wanateleza hata kwenye maji ya magotini. Mimi katika maji hayohayo nalima. Na walimaji halisi wapo: kina mama wa mwani, na vijiti vyao na kamba zao zilizotandazwa kwenye maji mafupi. Kilimo hicho cha kuuza kilianzia Paje na Jambiani mwaka 1989, kabla hata hoteli nyingi za hapo hazijachorwa kwenye karatasi, kwa hiyo sina cha kuwalalamikia, na hata ningekuwa nacho nisingethubutu. Mama wa mwani aliyesimama majini tangu asubuhi, akiona pezi linaelekea kamba yake, ana sauti inayofika Makunduchi. Ninalalamikia hoteli. Wangeweza kuniambia njia ya kupita iko wapi. Hawaijui, kwa sababu hakuna mtu wa hotelini anayeingia majini. Wanayatazama.

Ndilo jambo lenyewe. Nyumba hizi zimejengwa kwa ajili ya watu wanaoitazama bahari. Kiti kinaitazama, kitanda kinaitazama, hata bafu limetobolewa dirisha ili uitazame huku una povu machoni. Ukitoka ndani yake umelowa, na kitu kirefu begani, unakuwa tatizo la ulinzi.

Hoteli niliyoanza nayo ilikuwa na mlinzi mwenye adabu sana. "Mzee, huo mzigo unampelekea nani?" Nikasema ni wangu. "Mwalimu wa shule gani?" Nikasema mimi si mwalimu, ni mgeni, nimelala chumba cha tatu. Akaangalia tanga, akaniangalia mimi, akaangalia tanga tena. Katika hesabu zake, mtu wa rangi yangu akibeba kifaa cha baharini ama anafundisha, ama anatumwa. Nilionyesha ufunguo. Baadaye nilipotaka kuosha tanga kwenye bomba la bwawa alinijia tena, safari hii kwa masikitiko: "Samahani mzee, maji haya ni ya wageni." Nikamkumbusha kuhusu chumba cha tatu. "Ndiyo mzee, ila ni ya wageni wanaoogelea." Bwawa limejaa hadi ukingoni, hatua chache kutoka Bahari ya Hindi, na bafuni kwangu kuna kibao kinachonisihi nihurumie maji. Yale ya bafuni yenyewe yalikuwa ya kisima cha pwani, yana chumvi yake. Nilisuuza chumvi kwa chumvi.

Usiku mlingoti tulilala nao. Vipande vyote viwili vilianzia dirishani, vikapita juu ya mto wa mke wangu, vikaishia kwenye karo la bafuni, hivyo mlango wa bafuni haukufunga. Mke wangu hakusema kitu. Wenye ndoa wanaelewa.

Tukahamia kwenye kambi ya vijana wa kaiti, maana pale, nikaambiwa, stoo ipo. Kweli stoo ilikuwepo, kubwa, kavu, ina rafu, na rafu zote zina kina cha begi. Mlingoti ulisimamishwa kwenye kona, na wakati wa chakula cha jioni nikaukuta una bendera na taa za rangi. Muziki ulianza saa tatu. Nilikwenda kuuliza unaisha lini, kijana mmoja mwenye nywele za jua akanijibu kwa upole kwamba hiyo inategemea na upepo wa kesho. Upepo wa kesho ulikuwa mzuri sana, na hawakulala hata hivyo. Hao watu nawavulia kofia. Wana damu nyingine.

Mwishoni dereva mmoja wa bodaboda alichoka kutuhurumia, akatupeleka Jambiani, ndani kijijini, mstari wa pili wa nyumba kutoka baharini, kwa bibi mmoja mwenye vyumba viwili vya kupangisha.

"Hodi!"

"Hodi karibu, wanangu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmelowa. Mlingoti huo utie bandani, baba yao kaacha nafasi pale juu, pembeni ya foromali."

Hakuuliza ni nini. Hakuuliza ni wa nani. Banda la makuti lilikuwa na boriti mbili zilizopishana, na juu yake vimelala vijiti virefu vya ngalawa, mlingoti, foromali na pondo, vimefungwa kwa kamba za nazi. Wangu uliingia hapo, ukaenea, ukabaki na nafasi. Kisha bibi akatazama mivinje inavyoinama, akasema kesho tusihangaike asubuhi, maji yatakuwa mbali, tungoje baada ya adhuhuri, na tupite upande wa kulia wa ngalawa ya buluu maana kushoto kuna kamba za dada yake. Sentensi moja, na ndani yake mna kila kitu ambacho hoteli mbili hazikuwa nacho.

Msinielewe vibaya, sikuwa peponi. Chandarua kilikuwa na tundu ambalo mbu wa Jambiani wanalirithishana. Jogoo wa bibi anaamini alfajiri ni saa nane za usiku. Mlango wa uani unafungwa saa nne usiku, na ukichelewa unabisha hodi mbele ya majirani wote. Dirisha linatazama jikoni, kwa hiyo badala ya bahari niliona sufuria ya pweza wa nazi ikichemka, jambo ambalo, ukinibana, si malalamiko. Kuhusu maji ya kuoshea tanga, kulikuwa na ndoo mbili za maji matamu yaliyotekwa msikitini. Nikazitumia kwa kikombe.

Tatizo ni kwamba nyumba kama hiyo haina tangazo, haina nyota, haipatikani kwenye simu. Nikitaja jina lake hapa, Julai ijayo nitaikuta imejaa Wajerumani na boriti yangu ina mlingoti wa mtu. Kwa hiyo sitaji.

Badala yake nina ombi kwa wenye hoteli wa pwani, wa Paje na hata wenzao wa Diani na Kilifi, wanaopata pepo hizihizi na, kwa niliyoyaona, hawana nafuu. Sitaki bafu lenye dirisha. Wekeni nje bomba moja la maji yasiyo na chumvi, hata kama mtaliwekea mita na kunitoza. Pigilieni ukutani vigingi viwili, vipishane mita mbili, chini ya paa. Bandikeni mapokezi karatasi ya saa za maji kujaa na kupwa, na mumfundishe mlinzi kuisoma. Gharama yote haifiki bei ya viti viwili vya kando ya bwawa. Mkishamaliza nipigieni, mradi si Aprili.