Namna ya Kudaiwa Bila Kukosa Kazi ya Serikali

Tangazo la kazi ya kaunti ya Kwale likibandikwa, usikimbilie mshahara. Teremka mpaka chini kabisa, pale penye vyeti vya Sura ya Sita: tabia njema kutoka DCI, kodi kutoka KRA, mkopo wa chuo kutoka HELB, fomu ya maadili ya EACC na cheti cha CRB, wale wanaoorodhesha wasiolipa mikopo. Vitatu kati ya hivyo vinauliza jambo moja tu: nani anakudai?

Usikasirike. Hoja yao ni kwamba mwenye madeni hununulika kwa urahisi, na hoja hiyo haikuzaliwa Kwale. Marekani, anayetaka kuaminiwa siri za dola hupimwa kwa vigezo 13, na hali yake ya fedha ni kimojawapo. Kule ni siri za makombora. Wewe ni kukata risiti soko la Ukunda.

Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya ya 2010 inahusu uongozi na uadilifu, na Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamkataza afisa wa dola kupuuza madeni yake. Wakubwa, basi. Lakini mkubwa vyeti vyake hubebwa na wakili, ndiyo maana foleni huoni ila vijana wenye bahasha za kaki.

Kwanza, chagua anayekudai. Deni bora ni la dukani, maana limo ndani ya daftari lenye pembe zilizolowa mafuta ya kupima, jina lako limekatwa mara tatu na kuandikwa upya mara nne, na hakuna kompyuta ya Nairobi inayoweza kulisoma.

"Kaka, nipe unga pakiti mbili, nitakulipa mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi upi?"

Hapo heshima imeshuka, lakini cheti kiko salama. Deni la chama vilevile, na la shangazi wa Msambweni, ingawa shangazi hukutangaza arusini, na tangazo lake hufika mbali kuliko la CRB.

Deni la kuogopa ni la simu. Fuliza, mkopo wa M-Pesa, ilipoingia Januari 2019 tuliipokea kama mgeni mwenye zawadi. Sasa sikiliza: mjomba aliye Muscat anakutumia shilingi 500 ya nauli, upande matatu hadi Kombani, kisha ukwee mpaka Kwale mjini kupigwa alama za vidole za cheti cha tabia njema. Ujumbe unaingia, unatabasamu, na kabla tabasamu halijakamilika wa pili unakuarifu kwamba zile 500 zimelipa Fuliza yako. Mpigie mjomba, mwambie zimefika. Si uongo.

Aprili 2020, hoteli za Diani zikiwa zimefungwa kwa korona na wahudumu wamerudishwa makwao na mikopo ya simu mifukoni, Benki Kuu iliamuru deni lisilofika shilingi 1,000 lisimpeleke mtu CRB. Kwa hiyo, kopa 999. Novemba 2022 Benki Kuu ikaja tena na mpango wa kusafisha majina: wakopeshaji walihimizwa kusamehe angalau nusu ya mikopo ya simu iliyochelewa. Waliokuwa wamejinyima wakalipa kwa wakati hawakurudishiwa hata senti, na nadhani walijifunza.

HELB haina ujanja. Iliundwa kwa sheria ya 1995 na kumbukumbu yake ni ya ndovu. Ukichelewesha, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, uwe una kazi au unauza madafu ufukweni ukingojea msimu wa watalii. Unadaiwa kwa sababu huna kazi, na kazi huipati kwa sababu unadaiwa. Mwenye dawa ya fundo hili anaweza kugombea ubunge.

Ukigombea, kopa mamilioni. Katiba inamzuia mgombea aliyetangazwa muflisi na mahakama na bado hajaondolewa hali hiyo. Haimzuii anayedaiwa tu. Muhimu ni aliyekukopesha asifike kortini, na wa mamilioni huwa anakubembeleza kwanza, tena kwa chai. Wa shilingi 3,000 anampigia simu mama mkwe.

Limebaki suala la ada. Cheti cha tabia njema ni shilingi 1,050. Ripoti ya CRB una haki ya kupewa moja bure kwa mwaka, lakini tangazo linataka cheti, na cheti ni cha kulipia. Huna? Kopa kwa simu, M-Shwari. CRB haiulizi kama unadaiwa, inauliza kama umechelewa, na mkopo huo una siku 30. Kopa Jumatatu, lipia cheti Jumanne, kitatoka safi kama kanzu ya Idi. Omba tu uitwe intavyuu kabla mwezi haujaisha.