Sharubu kwa Rula

Nani kasema Jeshi la Anga la Marekani ni bahili? Kwa makadirio ya taasisi ya utafiti ya RAND ya mwaka 2019, kumfunza rubani mmoja wa F-22 hadi aive hugharimu karibu dola milioni 11. Akishaiva, anakalishwa mezani: ajaze fomu, apange likizo za wenzake, amalize kozi za kwenye kompyuta. Ndege inaweza kusubiri. Fomu ina tarehe ya mwisho.

Miaka 10 ya mkataba ikitimia, mashirika ya ndege za abiria yanampungia mkono. Hapo ndipo wakubwa wanapokumbuka kwamba wanampenda, na bonasi inapandishwa hadi dola 50,000 kwa mwaka. Bonasi nayo, bila shaka, ina fomu yake.

Na mila za vikosi? Wakati wa vita vya Vietnam, rubani Kanali Robin Olds alifuga masharubu ya kupinda, kinyume kabisa cha kanuni. Marubani wakaurithi ukaidi huo, na kila Machi wanafuga ya kwao. Mwishoni mwa 2021 wakubwa wakaridhia: masharubu yavuke pembe ya mdomo, lakini kwa robo inchi tu. Ukaidi ukapata kibali na kipimo.

Kwa hiyo asiwepo wa kudai kwamba jeshi haliwasikilizi marubani wake. Waliomba saa zaidi za kuruka, wakaongezewa nywele.