Hongera kwa Injini Mpya

Hongera, mzee wangu, kwa kuitia Peugeot 504 yako injini ya VVT-i. Imekaa, vyuma havina ubishi. Ubishi uko kwenye waya. Kabureta, koili na platini, ile ya zamani haikudai mengi. Hii inataka kontroli boksi, sensa kila kona, pedali ya mafuta isiyo na kebo, na ufunguo wenye chipu, ambao haukuja na injini. Muuzaji alizikata waya zote kwa koleo, ndiyo maana bei ilikunogea. Fundi umeme anasema kesho, na tepu nyeusi imekwisha. Ukikanyaga breki, wipa zinapiga makofi. Hadi sasa wanachokubaliana gari na injini ni volti 12 za betri.